Kujiandaa kwa Karatasi ya Tatu ya Fizikia: Andika Kilichoonekana

Karatasi ya tatu ya Fizikia katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ambayo ni ya vitendo, ina maswali mawili ya alama 20 kila moja, na mtahiniwa hupewa saa mbili na nusu, zikiwemo dakika 15 za mwanzo za kuisoma. Maagizo ya ukurasa wa kwanza husema kwamba alama hutolewa kwa rekodi ya yale yaliyoonekana hasa, ufaafu na usahihi wake, na jinsi yalivyotumiwa. Agizo hilo ndilo linalofaa kuongoza maandalizi yote, ingawa wengi hulipita mbio wakitafuta swali la kwanza.

Mwanafunzi wa Nairobi ana sababu ya pekee ya kulizingatia. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 94 au 95 hivi za Selsiasi, wala si 100. Anayeandika 100 kwa kuwa ndivyo alivyokariri amejaza jedwali kwa kipimo ambacho temometa haikumpa.

Pendulumu inaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani kwa uzi, nati nzito, rula na saa ya simu. Uzi ukiwa na urefu wa sentimita 50, kuanzia mahali uliposhikizwa hadi katikati ya nati, mibembeo 20 (kila mmoja ni kwenda na kurudi) huchukua sekunde 28.4 hivi. Kidole kikichelewa kubonyeza kwa sekunde 0.2, kosa hilo ni kama asilimia 14 ya mbembeo mmoja, lakini halifiki asilimia moja ya mibembeo 20. Ndiyo maana huhesabiwa mingi kisha muda ukagawanywa. Hesabu ianze kwa sifuri nati inapopita katikati, maana anayeanza kwa moja hupoteza mbembeo mzima. Badilisha urefu mara sita, kisha uchore grafu ya mraba wa muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu kwa mita: mteremko wake utakaribia 4.04, kwa kuwa mchapuko wa uvutano hapa Nairobi ni karibu mita 9.78 kwa sekunde mraba.

Kila kifaa kina kiwango chake cha usahihi, na jedwali lazima likiheshimu. Rula ya mita husomwa hadi sentimita 0.1, kalipa ya vernia hadi sentimita 0.01, na mikromita hadi milimita 0.01. Urefu wa sentimita 30 kamili kwenye rula huandikwa 30.0, na safu nzima ifuate utaratibu huo. Kabla ya kupima chochote, funga taya za mikromita uone kama inasoma sifuri. Na unaposoma voltimita, jicho liwe mbele ya mshale moja kwa moja.

Grafu hustahili muda kuliko sehemu nyingine yoyote. Chagua skeli ya 1, 2 au 5, kwani skeli ya 3 au 7 humtesa anayechora na anayesahihisha vilevile. Andika jina na kizio kwenye kila mhimili, na uhakikishe kwamba nukta zimetanda zaidi ya nusu ya karatasi. Mstari upite katikati ya nukta, hata usipogusa baadhi yake. Mteremko utafutwe kwa pembetatu kubwa, kwa kutumia nukta zilizo kwenye mstari wenyewe badala ya zile za jedwali.

Katika saketi, ammita huunganishwa kwa mfululizo na voltimita kwa sambamba. Swichi ifunguliwe, yaani mkondo ukatwe, mara baada ya kusoma, kwani waya wa nikromu ukipata joto ukinzani wake hubadilika na seli huchoka. Kwa lenzi mbonyeo, anza kwa kupokea taswira ya jengo la mbali kwenye skrini: umbali kati ya lenzi na skrini ni makadirio ya urefu wa fokasi, nayo yatakuonya mapema kama vipimo vya baadaye vimepotoka.

Wanaouza kile wanachokiita mtihani kwenye Telegramu hawakufai kwa lolote; jioni hiyo itumie kuchora grafu. Siku yenyewe, tumia sehemu ya dakika zile 15 kulinganisha vifaa vilivyo mezani na orodha ya kwenye swali, na kifaa kikikosekana au mshale wa ammita ukikwama, inua mkono umwite msimamizi kabla hujaandika kipimo chochote.