Kujenga jiko la mpishi anayetumia kiti cha magurudumu

Mimi ni fundi ujenzi hapa Tororo, Uganda. Jiko la kwanza la namna hii nililijenga kwa kimo changu mimi, meza ikamfika mama wa watu kifuani, ikabidi nibomoe. Tangu hapo naanza na mpishi.

Hatua ya 1: Mpime mpishi. Awe kwenye kiti chake mwenyewe. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya magoti, kisha hadi kiwiko. Mara nyingi meza hutoka sentimita 78 hivi. Chini yake acha uwazi wa 70 kwenda juu na 80 kwa upana, magoti yaingie.

Hatua ya 2: Njia. Mlango sentimita 90, bila kizingiti. Ndani pabaki duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti. Kibaraza kilichoinuka sentimita 30 kinataka mteremko wenye urefu wa mita 3.6, ukiufupisha, kiti kitarudi nyuma na mtu wake.

Hatua ya 3: Moto. Hapa usiharakishe. Sigiri, yaani jiko la mkaa, isikae juu ya magoti kamwe: aliyeumia uti wa mgongo anaweza kuungua miguu asihisi. Jenga kitako cha tofali pembeni, apike kikiwa ubavuni mwake. Sigiri na sufuria yake ya matoke zikifika sentimita 45, kitako kiwe 35, ili aone ndani ya sufuria. Kando yake jenga kidaraja kinacholingana na mdomo wa sigiri. Sufuria ivutwe hapo, isinyanyuliwe wala kupakatwa. Posho, yaani ugali, husongwa kwa nguvu, kwa hiyo chomelea vyuma viwili vya kushika masikio ya sufuria. Acha tundu kubwa la moshi juu na dirisha linalofunguka. Hewa ya mkaa huua.

Hatua ya 4: Maji. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, na mikono yake inahitajika kwenye magurudumu. Weka pipa lenye koki ya mkono mrefu juu ya karai, wa nyumbani wamjazie asubuhi.

Hatua ya 5: Rafu. Kati ya sentimita 40 na 120. Basi.

Kabla ya kuchanganya saruji, panga matofali makavu, mwite mpishi aingie, avute sufuria tupu, asonge posho ya kuigiza. Kiwiko kikipanda hadi bega linainuka, toa tofali moja kwenye kitako, ajaribu tena.