Kubadili jina na alama ya jinsia kwenye hati za Kenya

Mwongozo huu ni wa Mkenya aliyetimiza miaka 18. Nimewasindikiza watu kadhaa katika njia hii, wengi wao transjenda, yaani watu ambao jinsia yao siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa, na jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: jina ni safari moja, alama ya jinsia ni nyingine. Jina lina kanuni zake tangu mwaka 1967. Alama ya jinsia inadaiwa kwa barua, na pengine mahakamani. Usiziombe kwa barua moja, maana ugumu wa jinsia utalikwamisha jina.

Hatua ya 1: Hati ya kubadili jina

Tafuta wakili akuandikie hati ambayo ndani yake unaliacha jina la zamani na kulitwaa jipya kwa shughuli zote. Hati husajiliwa kwenye masijala ya hati, Nairobi. Wapo watakaokuambia kiapo kinatosha. Mimi sikubali. Kiapo kinaeleza tu kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja; hakikuondolei lile la zamani.

Hatua ya 2: Gazeti Rasmi la Serikali

Hati ikishasajiliwa, wakili hutuma tangazo la kubadili jina lichapishwe kwenye Gazeti hili, ambalo hutoka kila Ijumaa. Omba kuiona rasimu ya tangazo kabla wakili hajaituma, uisome herufi kwa herufi, pamoja na mpangilio wa majina, kwa sababu kila ofisi itanakili kutoka hapo. Jua pia kwamba jina la zamani na jipya yatachapishwa pamoja, na yeyote anaweza kuyasoma miaka mingi baadaye. Kama kuna mtu nyumbani au kazini ambaye akijua utakuwa hatarini, panga usalama wako kwanza. Tangazo linaweza kungoja.

Hatua ya 3: Kitambulisho

Nenda Huduma Centre na hati iliyosajiliwa, nakala ya Gazeti na kitambulisho cha zamani. Pasipoti, KRA, benki na laini ya simu vifuate baada ya kitambulisho, si kabla.

Cheti cha kuzaliwa ni kisa kingine. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo inampa mzazi au mlezi miaka 2 tangu usajili kuomba jina lililobadilishwa liingizwe. Kwa mtu mzima muda huo umekwisha zamani, kwa hiyo kitembee na hati yako ya kubadili jina, viwili pamoja.

Hatua ya 4: Alama ya jinsia

Hapa ndipo watu huchoka, na wengi huchoka kwa sababu ya maneno ya dirishani. Karani anasema "haiwezekani", mtu anarudi nyumbani, na hakuna karatasi inayoonyesha kwamba aliwahi kuomba. Kwa hiyo usiombe kwa mdomo. Andika barua, nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo.

Ndani ya barua taja Ibara ya 35(2) ya Katiba, inayokupa haki ya kurekebishiwa taarifa zisizo za kweli au zinazopotosha zinazokuhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, yenye haki kama hiyo. Kisha taja Ibara ya 47 na Sheria ya Utendaji Haki wa Kiutawala ya 2015, uombe kwamba wakikataa, wakupe sababu kwa maandishi. Ukiwa na barua ya daktari, iambatishe. Eleza mambo yalivyo. Kutoa taarifa za uongo kwa ajili ya kitambulisho ni kosa la jinai, na hakuna sababu ya kumpa mtu silaha hiyo dhidi yako.

Wakikataa, tarehe ya barua yao ina uzito. Ombi la kuitaka Mahakama Kuu ifute uamuzi wa ofisi ya serikali, kwa utaratibu wa Amri ya 53 ya kanuni za kesi za madai, hupelekwa ndani ya miezi 6. Mahakama pia itauliza kama ulimaliza njia za rufaa zilizo ndani ya ofisi yenyewe. Mpelekee wakili barua zote mapema, si mwezi wa tano.

Msiwaamini wanaosema mahakama haisikii watu kama sisi. Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliamuru Baraza la Mitihani la Kitaifa limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti kipya cha KCSE chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsia. Amri hiyo ilihusu cheti cha shule, haikugusa kitambulisho, lakini wakili wako anapaswa kuisoma.

Hatua ya 5: Vyeti vya shule

Barua na mhuri, kama hatua ya 4. Ambatisha hukumu ya 2014, na uombe waziwazi alama ya jinsia iondolewe. Kuomba ibadilishwe kunafungua ubishi ambao mwajiri anayesoma alama zako za mtihani hauhitaji.