Kurekebisha Mwelekeo wa Taa za Mbele za Gari kwa Mujibu wa Mzigo

Katika magari mengi yanayoletwa Zanzibar kutoka Japani, karibu na usukani huwapo kigurudumu kidogo cha kuzungusha kwa kidole, chenye mchoro wa taa na namba zinazoanzia 0 hadi 3, na katika baadhi ya magari hadi 5. Wapo madereva wanaodhani kuwa kinaongeza au kupunguza nguvu ya mwanga, na wengine hawajakigusa tangu waliponunua gari. Kazi yake ni kuinamisha taa: namba 0 huelekeza mwanga juu zaidi, na kila namba inayofuata huushusha.

Gari linapopakiwa nyuma, springi za nyuma hubonyea, pua huinuka, na taa huinuka nayo. Kwa kawaida taa za chini, yaani zile za kupishana na magari mengine, hupangwa ili ukingo wa juu wa mwanga wake ushuke kiasi cha sentimita 10 kwa kila mita 10, hivyo taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini hufikisha mwanga mita 65 hivi mbele. Mteremko huo ni mdogo mno. Gari lenye mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma likibonyea nyuma kwa sentimita 2.5 tu, mteremko wote huwa umekwisha, na likizidi kubonyea, mwanga uliokusudiwa barabara humwingia machoni dereva anayekuja mkabala. Katika njia za shamba zisizo na taa, dereva huyo aliyepofuliwa hawezi kumwona mwendesha baiskeli aliye mbele yake, na hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili.

Kwa hiyo, ukiwa peke yako au na abiria mmoja wa mbele, weka 0. Viti vyote vikijaa, weka 1. Wakijaa watu na mizigo nyuma, ongeza namba. Na dereva aliye peke yake na mapolo ya mchele yaliyojaa nyuma ndiye anayehitaji namba ya juu kuliko zote, kwa sababu hapana uzito wa kutosha mbele. Namba kamili hutofautiana kwa kila gari, na kitabu chake mara nyingi kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo ukuta ndio mwalimu bora.

Jioni, tafuta uwanja ulio sawa mbele ya ukuta, hakikisha upepo wa matairi uko sawasawa, na usimamishe gari tupu mita 10 kutoka ukutani, dereva akiwa kitini na kigurudumu kikiwa 0. Pima urefu wa kitovu cha taa kutoka ardhini, uchore mstari wa chaki ukutani kwa urefu huohuo. Ukingo wa mwanga uwe sentimita 10 hivi chini ya mstari, na upande wake wa kushoto uinuke juu kidogo, kwa kuwa tunaendesha kushoto na mwanga huo humulika kando ya njia. Ukingo huo ukiinuka upande wa kulia, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, na kigurudumu hakiwezi kuzirekebisha. Ikiwa urefu ndio wenye kasoro, fundi azungushe skrubu zilizo nyuma ya taa. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, uzungushe kigurudumu mpaka mwanga urudi pale ulipokuwa, na uikumbuke namba hiyo.

Mzigo ukishashushwa, rudisha 0 kabla ya kuondoka, kwani gari tupu lenye taa zilizoinamishwa humulika karibu mno.

Baadhi ya magari, hasa yenye taa za zenoni (taa za gesi zenye mwanga mweupe mkali), hayana kigurudumu, bali hujirekebisha kwa kihisi kilichounganishwa na springi kwa mkono mwembamba. Chumvi ya pwani huweza kuula mkono huo, kwa hiyo fundi anapobadilisha springi au shokapu, mwombe aukague na ahakikishe ameufunga tena.