Somo: Namna ya kufaidika na mwalimu wa mazoezi anayekufundisha nyumbani

Ndugu wanachama,

Wengi huuliza kuna haja gani ya kumlipa mwalimu aje nyumbani ilhali mazoezi yenyewe yamejaa bure kwenye intaneti. Nami nilikuwa na fikra hiyo. Kwa miezi minane nilifanya mazoezi peke yangu nikifuata video, na kiuno kikawa kinaniuma kila nilipoinua uzito kutoka sakafuni. Siku ya kwanza mwalimu alipofika hakunipa zoezi jipya. Aliomba mpini wa ufagio, akausimamisha mgongoni mwangu uguse sehemu tatu, yaani kisogo, katikati ya mabega na ncha ya chini ya uti wa mgongo, kisha akaniambia niiname kwa kurudisha makalio nyuma. Kabla sijafika hata nusu, mpini ulibanduka kule chini, kwa kuwa nilikuwa nakunja mgongo mahali pa kukunja nyonga. Video isingeiona kasoro hiyo, maana video haimtazami anayeitazama. Jicho hilo ndilo unalolilipia, na hatua zifuatazo ni za kulitumia ipasavyo.

Hatua ya kwanza: mweleze hali ya afya yako. Mwalimu makini atakuuliza kuhusu moyo, shinikizo la damu, kisukari, kizunguzungu, maumivu ya kifua, upasuaji uliopita, ujauzito na dawa unazotumia, na likijitokeza jambo atakutaka umwone daktari kwanza. Asiyeuliza lolote, akaanza kukuhesabia pushapu dakika ya tano, mimi ningemshukuru na kumsindikiza mlangoni. Nawe muulize kuhusu cheti chake, na kama amesomea huduma ya kwanza.

Hatua ya pili: tayarisha nafasi. Mita mbili kwa mbili zinatosha, mradi sakafu haitelezi na kuna kiti imara cha kuegemeza ukutani.

Hatua ya tatu: kipindi cha kwanza kiwe cha kupima. Ahesabu unainuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30 bila kutumia mikono, na aangalie unasimama kwa mguu mmoja kwa muda gani. Kisha uchuchumae taratibu, akutazame kwanza kwa mbele aone kama magoti yanaingia ndani, halafu kwa ubavuni aone kama visigino vinanyanyuka. Visigino vikinyanyuka, huenda vifundo vya miguu vimekakamaa, na dawa yake si kukaripiwa "shuka zaidi!" bali ni kupunguziwa kina, kwa mfano kwa kuchuchumaa hadi makalio yaguse kiti na kuinuka, huku vifundo vikinyooshwa kila siku.

Hatua ya nne: pangeni wiki nzima, si saa ya kipindi peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Vipindi viwili na mwalimu vinaweza kubeba siku hizo za misuli, lakini dakika za kutembea kwa kasi utazitimiza mwenyewe, kwa hiyo mdai akuachie kazi ya kufanya asipokuwapo, kwa kutumia kiti, ukuta na ngazi zako.

Hatua ya tano: wekeni daftari. Andikeni marudio, seti (yaani mafungu ya marudio yanayotenganishwa na mapumziko) na uzito, na muongeze kimoja tu kwa wakati.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu akinifundisha kwa video ya moja kwa moja, je, si sawa na kuja?*
Inafaa kwa kiasi kikubwa, ukiiweka kamera usawa wa kiuno, umbali wa kukuonyesha kuanzia kichwani hadi miguuni, na ukageuka ubavu anapokuomba. Anachokosa ni mkono wa kukugusa bega na kukudaka unapoyumba.

*Nimeanza juzi na leo mapaja yananiuma hata kushuka ngazi ni taabu. Je, nimeumia?*
Maumivu butu ya misuli ya pande zote mbili, yanayozidi kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi usiyoyazoea, ni ya kawaida. Maumivu makali ya kuchoma, yaliyo ndani ya kiungo au upande mmoja, au yenye uvimbe, si ya kuvumilia. Simama na umweleze mwalimu.

*Mama yangu ana miaka 68 na anaona haya kwenda jimu. Somo hili linamfaa?*
Linamfaa sana. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, mwongozo ule ule unaongeza mazoezi ya mizani ya mwili na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki, ili kuzuia kuanguka. Vipindi vya mwanzo kaa naye, ili awe huru na nawe ujifunze kumsimamia.

*Niendelee kumlipa hadi lini?*
Baada ya miezi michache, mwombe akae kimya kipindi kizima, aandike tu kila kosa analoliona. Karatasi ikibaki karibu tupu, mwite mara moja kwa mwezi. Ikijaa, ratiba ibaki kama ilivyo.