Namna ya Kuanzisha Mazungumzo na Jirani Yako wa Safari

Abiria wa Dar es Salaam anayepanda basi la mwendokasi Kimara alfajiri kwenda Kivukoni husafiri akiwa amebanwa na watu kiasi cha kusikia pumzi zao, na bado anaweza kushuka bila kumwambia yeyote neno lolote zaidi ya "samahani, napita". Wengi huamini kwamba ukimya huo ndio raha ya safari. Mwaka 2014 wanasaikolojia Nicholas Epley na Juliana Schroeder walichapisha utafiti waliofanya kwa abiria wa treni na mabasi ya Chicago, ambapo baadhi waliombwa wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae peke yao kimya, na wengine wasafiri kama walivyozoea. Waliozungumza walieleza kuwa safari yao ilikuwa nzuri kuliko ya waliokaa kimya, ilhali abiria walioombwa kukisia tu walibashiri kinyume chake. Matokeo ya namna hiyo yalipatikana baadaye hata katika treni za London, ambako maongezi ya njiani si desturi.

Hapa kwetu salamu inarahisisha mwanzo: shikamoo kwa aliyekuzidi umri, habari za asubuhi kwa wa rika lako. Tatizo ni kwamba "nzuri" hujibiwa bila kufikiri, kisha kila mmoja hurudi kwenye simu yake. Kwa hiyo fuatisha salamu mara moja na jambo mnaloliona nyote wawili, kama vile basi lililopita limejaa bila kusimama au wingu zito lililotanda upande wa baharini. Kabila, dini, mshahara na ndoa viache.

Kazi kubwa iko kwenye swali la pili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walibaini kwamba watu wanaouliza maswali mengi, hasa yale yanayotokana na jibu lililotangulia, hupendwa zaidi na wanaozungumza nao. Mama aliyeshika ndoo tupu akikwambia kwamba anakwenda Feri kununua samaki wa kuuza, usirukie kusimulia habari zako. Muulize huuza nini siku ambazo bahari imechafuka na samaki wameadimika. Swali la namna hiyo haliwezi kuulizwa na mtu ambaye hakusikiliza, na yeye atalitambua hilo.

Akijibu kwa neno moja, akigeukia dirishani au akivaa hedfoni, nyamaza, wala usione umedharauliwa. Mwanamume anayemwanzishia mazungumzo mwanamke asiyemjua awe mwangalifu maradufu, na asiombe namba ya simu, kwa sababu ombi hilo hubadilisha maana ya yote yaliyosemwa kabla yake. (Wakati wa msongamano, maongezi yasikusahaulishe mfuko wako.)

Huenda ukashuka ukijilaumu kwamba umesema upuuzi. Mwanasaikolojia Erica Boothby na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba baada ya mazungumzo ya kwanza watu kwa kawaida hukadiria kwamba wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa kweli, hivyo hukumu unayojipa ukiwa njiani kwenda kazini haistahili kuaminiwa sana. Rudia zoezi hili kila siku kwa juma zima badala ya kulipima kwa safari moja, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa waliofanya hivyo kwa juma moja walipungukiwa na hofu ya kukataliwa.

Anayeona kwamba basi ni mahali pagumu pa kuanzia aanze na muuza kahawa wa mtaani kwake. Huko Kanada, wanasaikolojia Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn walikuta kwamba wateja waliotabasamu na kuzungumza kidogo na muuza kahawa waliondoka na furaha zaidi kuliko waliolipa haraka na kwenda zao. Kwetu kahawa hunywewa papo hapo, na kikombe kimoja kwa kipande cha kashata kinatosha kwa salamu, swali la kwanza na lile la pili.