Aspirini inapodhaniwa kushindwa baada ya baipasi ya moyo: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza

Mgonjwa aliyefanyiwa baipasi ya moyo, yaani upasuaji wa kuipa damu njia mpya ya kupita penye mshipa wa moyo ulioziba, hurudi kwao Malindi au Lamu akiwa na mishipa iliyopandikizwa, ambayo mara nyingi baadhi yake imetolewa mguuni, na hiyo ya mguuni ndiyo iliyo nyepesi kuziba, hasa katika mwaka wa kwanza. Aspirini huzuia chembe sahani za damu, zile zinazoigandisha damu, zisishikamane humo, na kiwango chake kwa kawaida ni miligramu 75 hadi 100 kwa siku, ingawa wapo madaktari wanaoagiza zaidi. Kipimo cha maabara kikionyesha kwamba chembe hizo zingali zinashikamana licha ya dawa, husemwa kuwa mgonjwa ana ukinzani wa aspirini, na kwa maoni yangu hukumu hiyo hutolewa upesi mno.

Kabla ya kuifikia, chunguza jinsi dawa inavyomezwa, kwa kuwa kisababishi kikubwa ni vidonge vinavyorukwa. Hesabu vilivyobaki, ulinganishe na tarehe ya kununuliwa, bila kumgombeza mgonjwa. Anayekaa Pate au Kiwayu, ambaye safari yake ya dukani hutegemea boti, na aweke akiba ya kutosha kabla kusi haijachafua bahari. Katika Ramadhani, dawa ya mara moja kwa siku humezwa baada ya futari, kila siku wakati huo huo.

Kisha tazama kidonge chenyewe. Kile chenye utando wa kukikinga kisiyeyuke tumboni hakifyonzwi vyema na baadhi ya watu, hasa wenye kisukari au uzito mkubwa, na daktari anaweza kukibadilisha kwa kisicho na utando. Uliza pia kuhusu dawa za maumivu. Ibuprofeni hukalia mahali pale pale ambapo aspirini ingeshika, kwa hiyo ikitangulia kumezwa huizuia aspirini isifanye kazi. Kama daktari ameiruhusu ibuprofeni, aspirini isiyo na utando imezwe kwanza na ibuprofeni ifuate baada ya nusu saa au zaidi. Iwapo ibuprofeni ilitangulia, aspirini isubiri zaidi ya muda wa saa 8. Parasetamoli haina tatizo hilo.

Aidha, katika siku za mwanzo baada ya upasuaji mwili hutengeneza chembe sahani mpya kwa wingi, na kipimo cha wakati huo huweza kuonyesha ukinzani ambao baadaye hupungua.

Yote hayo yakishaondolewa na tatizo likabaki, daktari wa moyo anaweza kugawa aspirini mara mbili kwa siku, au kuongeza dawa nyingine ya kuzuia chembe sahani: klopidogreli ya miligramu 75 mara moja kwa siku, au tikagrelori ya miligramu 90 mara mbili kwa siku. Ushahidi haukubaliani: katika utafiti wa DACAB wa China, uliochapishwa mwaka 2018, mishipa ya mguuni iliyobaki wazi baada ya mwaka ilikuwa asilimia 88.7 kwa waliopewa tikagrelori pamoja na aspirini na 76.5 kwa waliopewa aspirini pekee, ilhali utafiti wa POPular CABG wa Uholanzi, wa mwaka 2020, haukuona tofauti kati ya makundi kama hayo. Tafiti zote mbili, isitoshe, hazikuchagua wagonjwa kwa kuwa na ukinzani, na ndiyo maana jibu la maabara peke yake halitoshi kumwongezea mtu dawa ya pili.

Klopidogreli hutegemea ini kuigeuza ndipo ifanye kazi, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, huidhoofisha. Anayehitaji kinga ya tumbo aulizie pantoprazoli. Tikagrelori haihitaji kugeuzwa hivyo, lakini huweza kuleta pumzi fupi, na ikitumiwa, aspirini isizidi miligramu 100. Kwa kuwa humezwa mara mbili, anayefunga azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Dawa mbili kwa pamoja huongeza hatari ya kutokwa na damu. Hijama isifanywe bila idhini ya daktari, na daktari anayeng'oa jino aambiwe mapema dawa zinazotumika, wala mgonjwa asizisimamishe kwa uamuzi wake. Choo kikiwa cheusi kama lami, akitapika damu, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa, au kifua kikibana, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo pamoja na pakiti za dawa zake zote.