Kufukuza Gari Mtwara na Lindi: Vyombo Vingi, Chaneli Moja

Gari linalokimbia kilomita 120 kwa saa linakula kilomita 2 kila dakika. Taarifa ikichelewa dakika tatu, gari unalolisubiri Mpapura limeshakupita kilomita 6, au limeshaingia njia ya vumbi katikati ya mikorosho na hulioni tena. Hapo ndipo mvutano wa vyombo unapojianika: askari wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) getini ana namba ya gari, forodha wana jina la mwenye mzigo, Uhamiaji wanajua waliomo ndani, Polisi wana gari lenye mbio, na kila mmoja kakalia chake.

Maelezo haya ni ya wakuu wa doria, madereva na maopareta wa vyumba vya mawasiliano wanaofanya kazi kwenye barabara za kusini: ile ya Nangurukuru, Lindi hadi Mtwara, ile ya Mnazi Mmoja kwenda Masasi, na ile ya juu, kilomita 210 za Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi.

Malizeni ugomvi kabla ya kugusa redio

Vikaoni husemwa kwamba vyombo havisikilizani kwa sababu redio ni mbovu. Mara nyingi redio ni nzima. Watu wananyimana taarifa kwa sababu ya mambo mawili: jina la nani litatangulia kwenye taarifa, na kielelezo kitalala kwenye yadi ya nani. Hayo yasipoandikwa mapema, hata mkinunua redio mpya za gharama kubwa, mtu atazima yake kwa makusudi na kusema betri iliisha.

Andikeni ukurasa mmoja, usizidi, usainiwe na wakuu wa kila chombo kabla ya msimu wa korosho, barabara zikiwa bado tulivu. Uwe na haya: jalada linafunguliwa kituo cha polisi cha eneo gari liliposimamishwa, si lilipoanzia kukimbia. Mzigo unakwenda kwa mwenye sheria yake, yaani mbao na mkaa kwa TFS, nyara kwa TAWA (mamlaka ya wanyamapori), magendo kwa TRA (mamlaka ya mapato), na watu wasio na vibali kwa Uhamiaji. Mzigo ukichanganyika (na mara nyingi mbao hufunika kitu kingine), kila kitu kinabaki kituoni hadi orodha ya pamoja isainiwe. Taarifa ni moja tu, na inataja magari yote yaliyoshiriki kwa mpangilio wa muda yalivyojiunga, hata lile lililokaa njia panda saa nzima bila kuona kitu. Kipengele hiki cha mwisho kinaonekana kidogo, lakini ndicho kinachomfanya askari akubali kukaa njia panda badala ya kuungana na msafara.

Mkuu ni mmoja, na hayumo garini

Anayeamua kuendelea au kusitisha awe mkuu wa zamu kwenye chumba cha mawasiliano cha polisi. Aliye kwenye gari la kwanza damu imemchemka, anaona taa za nyuma za gari lililo mbele yake na haoni kingine. Chombo kingine kikianza kufukuza, kwa mfano gari la maliasili limerukiwa kizuizi, dereva wake anaita polisi palepale, anaendelea kutoa taarifa, na polisi wakifika yeye anakuwa wa pili. Cheo hakihamishi uamuzi. Afisa mkubwa akiingia hewani anasikiliza kwanza, na akitaka kuchukua usimamizi anasema wazi: "Kuanzia sasa msimamizi ni mimi." Bila hivyo mtakuwa na sauti mbili zinazoamrisha, na kila dereva atamtii bosi wake.

Magari yanayofukuza yasizidi mawili. La kwanza linaendesha, la pili linazungumza. Mengine yanakaa kwenye njia panda yaliyopangiwa: Mnazi Mmoja, Nanganga kwenye njia ya Ruangwa, Nangurukuru. Msafara wa magari matano ya vyombo vitatu hauongezi nafasi ya kukamata. Unaongeza nafasi ya kugongana wenyewe kwa wenyewe.

Kuziweka redio zisikilizane

Chukueni redio moja ya mkononi kutoka kila chombo, mzipange mezani, na fundi mwenye kebo ya kuziprogramu awepo. Masafa mnayotumia lazima yawe na kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Msiokote masafa matupu tu kwa kuwa hayana mtu, kwani Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 haiwaachii nafasi hiyo hata kama kazi ni ya serikali.

Chaneli ya pamoja iwekwe namba ileile kwenye kila redio. Tunapendekeza 16, kwa sababu redio nyingi za mkononi zina kirungu cha nafasi 16, na mtu gizani anaweza kukizungusha hadi mwisho bila kutazama. Kisha linganisheni vitu vinne, kwa maana kila kimoja kina ugonjwa wake.

Masafa yenyewe, ya kupokea na ya kutuma. Yakipishana, hakuna kinachosikika kabisa. Toni ya siri inayofungua spika: ikitofautiana, taa ya kupokea inawaka lakini sauti haitoki. Watu wengi hudhani spika imekufa, kumbe toni. Upana wa chaneli, 12.5 au 25 kHz: mmoja akiwa na mpana na mwingine mwembamba, sauti inafika ndogo kama ya mtu aliyeziba mdomo, au inakwaruza. Mwisho ni analogia na dijitali. Redio ya dijitali iliyofungwa kwenye dijitali haisikii analogia, na yule wa analogia anasikia mngurumo tu. Chaneli 16 iwe analogia kwa wote, hata kama chombo chenu kina mitambo ya kisasa, maana kiwango cha pamoja kinawekwa na redio ya zamani kuliko zote.

Mkishindwa kulinganisha, kuna njia ya bei nafuu ambayo haitukuzwi inavyostahili: azimaneni redio. Kila chombo kinakabidhi chumba cha polisi redio yake moja na betri ya akiba, kwa sahihi daftarini, na opareta anayatamka ya upande huu kwenye upande ule. Inapoteza sekunde kumi hivi kwa kila ujumbe. Ni nyingi, lakini ni chache kuliko kutafutana kwa simu.

Redio ya mkononi ya wati 5 ikitumika ndani ya Land Cruiser, bati la gari linameza sehemu kubwa ya mawimbi. Gari la doria lifungwe redio ya wati 25 hadi 50, antena katikati ya paa. Kwa masafa ya karibu 150 MHz, antena ya robo wimbi ni kama sentimita 50. Ikiwekwa kwenye bampa, gari lenyewe linaikinga upande mmoja. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na redio. Kwa magari ya Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko, fungueni kiungio cha antena kila miezi mitatu. Chumvi ya pwani inakigeuza kijani, na redio yenye kiungio cha kijani hupokea vizuri tu huku ikituma hafifu, ndiyo maana mwenye nayo hajijui.

Gari kwa gari bila ripita (mtambo unaopokea mawimbi na kuyarusha tena) mtapatana kilomita 10 hivi kwenye tambarare. Ripita yenye mnara wa mita 30 inafika kama 25 hadi 30. Lakini nchi yetu si tambarare. Newala iko ukingoni mwa mwinuko wa Makonde, na gari likiteremka kuelekea bonde la Ruvuma, ule ukingo unalikinga na ripita iliyo nyuma yake. Mwinuko wa Rondo nao una vivuli vyake. Dawa ni kupima: gari moja lipite barabara nzima, kila kilomita 5 liite kituo, opareta aandike kwenye ramani alama ya usikivu, 1 hadi 5. Ramani hiyo ibandikwe chumba cha mawasiliano. Ukijua kwamba baada ya kijiji fulani hakuna sauti kwa kilomita nane, utaweka gari la kupokezana juu ya kilima kabla, si wakati watu wanaitana bila kujibiwa.

Kusema hewani

Majina ya kuitana yasiwe vyeo wala majina ya vyombo. Miti inatosha: Mkorosho kwa polisi Mtwara, Mwembe kwa polisi Lindi, Mbuyu kwa TFS, Msufi kwa Uhamiaji. Lindi wasipewe Mnazi, hata kama kinapendeza. "Mnazi moja yuko wapi?" na "Yuko Mnazi Mmoja" hewani ni vurugu tupu.

Kila chombo kina misimbo yake ya namba, na ndani ya chombo inafanya kazi vizuri. Kwenye chaneli ya pamoja iacheni yote. Marekani, kwa matukio ya vyombo vingi, walifika mahali pa kutaka lugha ya kawaida kabisa. Na New York ya tarehe 11 Septemba 2001 inajulikana: rubani wa helikopta ya polisi alionya kwamba jengo linaelekea kuanguka, na wazimamoto waliokuwa ndani, kwenye mtandao mwingine wa redio, hawakulipata onyo hilo.

Bonyeza kitufe, subiri sekunde moja, ndipo useme. Ripita na toni vinahitaji muda kufunguka, na ukianza papo hapo silabi za kwanza zinakatwa. Kwa Kiswahili hili ni hatari hasa, kwa sababu ukanushi wetu unakaa mwanzoni mwa neno. "Usizuie darajani" ikikatwa kichwa inasikika "...zuie darajani". "Hatuna silaha" inabaki "...tuna silaha". Kwa hiyo amri ya kukataza isitumwe kwa "usi-" wala "msi-". Semeni "Acha kuzuia darajani, rudia", na mpokeaji airudie yote, si kujibu "sawa" peke yake.

Namba zina mtego wake. "Nne" na "nane" kwenye redio inayokwaruza ni kitu kimoja, na "tatu" na "tano" zinafuatia. Tamka tarakimu mojamoja, mara mbili. Herufi zibebwe na majina ya mahali: B Bagamoyo, C Chalinze, D Dodoma, M Masasi, N Newala, P Pemba, T Tunduru.

Wito wa kwanza uende hivi:

"Kituo, Kituo, hapa Mkorosho 2."
"Mkorosho 2, Kituo, nakupata, sema."
"Tupo Mpapura, tunaelekea Mnazi Mmoja. Fuso nyeupe, turubai la bluu, namba zinafuata. Amepita kizuizi bila kusimama, mzigo unadhaniwa mbao. Mwendo tisini. Barabara kavu, magari machache. Kibandani watu wawili. Silaha: haijaonekana."

Sababu ya kufukuza isiachwe. Bila hiyo msimamizi hawezi kupima kama inafaa kuendelea, na wale wa mbele watadhani ni jambazi. Baada ya hapo, gari la pili linatoa mahali, mwelekeo na mwendo kila nusu dakika, hata kama hakuna jipya. Dereva hagusi kipaza sauti.

Mpaka wa mikoa

Mkivuka mpaka, upande wa pili uwe umeitwa kilomita 10 kabla, ambazo kwa mwendo wa 120 ni dakika tano tu. Makabidhiano yana maneno yake. "Mkorosho 2, hapa Mwembe 1. Nimeiona Fuso, nipo nyuma yake, naichukua." "Mwembe 1, imekuwa yako. Mkorosho 2 napunguza." Kabla ya "naichukua" wa kwanza haachii. Baada ya "imekuwa yako" haendelei kana kwamba hakusema. Ajali nyingi za aina hii ziko hapo katikati: wawili wanaofuata, kila mmoja akidhani mwenzake ameachia.

Misumari ya barabarani haitandazwi hadi gari linalofukuza lijibu kwa jina lake kwamba limesikia mahali. Haitandazwi kwenye kona, na kamwe si kwa bodaboda.

Kusitisha

Sitisheni dereva akishajulikana na kosa linaweza kusubiri asubuhi. Sitisheni gari likiingia sokoni, au saa za watoto kutoka shule, au kwenye foleni ya malori ya korosho ambayo mengine yameegeshwa na matawi tu nyuma yake. Na kanuni isiyojadiliwa: mawasiliano yakikatika dakika moja, ufukuzaji umekwisha. Taa za kimulimuli zinazimwa, gari linarudi kwenye mwendo wa kawaida, na dereva anatamka mahali aliposimama, hata kama hana uhakika kama anasikika. Mto Ruvuma nao hauvukwi. Kwenye vituo vya mpakani vya Mtambaswala na Kilambo, taarifa inapitia Uhamiaji kwenda kwa wenzao wa Msumbiji.

Kundi la WhatsApp lisitumike kutuma mahali gari lilipo, maana ujumbe unasomwa ukiwa umechacha. Simu ibaki kwa yasiyofaa hewani, kama jina la mtoa habari.

Siku inayofuata wekeni daftari za vyombo vyote pamoja. Mtakuta saa hazilingani. Polisi wameandika 1400, mgambo wameandika saa nane, mwingine kaandika 8:00 akimaanisha hiyohiyo, na taarifa iliyotoka ng'ambo ya Ruvuma iko nyuma saa moja nzima kwa kuwa Msumbiji wanatumia saa yao. Kubalianeni tarakimu nne za saa 24 kwa saa ya Tanzania, na opareta atangaze saa kwenye chaneli 16 kila mwanzo wa zamu, kila mtu arekebishe yake hapohapo.